Damba Saba wa Mjomba Bakari

Siku ya tatu ya msiba wa Mjomba Bakari, pale Mahajanga, mjukuu wake mmoja wa kike aliniuliza kama ni kweli babu yao aliwahi kufuga samaki sebuleni wakati watu wazima wanapanga foleni ya mchele. Aliuliza kwa Kimalagasi, mdomo umejaa mkate wa mchele, na aliuliza kama mtu aliyekwisha kumkamata mwongo. Nikamwambia ni kweli. Akasema, samaki wadogo wale wa rangi? Nikamwambia hapana, samaki wa kuliwa, damba, kila mmoja mpana kama sahani ya pilau, nao walikuwa saba. Waliokaa mkekani wakacheka, na mimi nikacheka nao, kisha nikainuka kwenda uani kujifuta macho, maana kati ya wote wale hapakuwa na hata mmoja aliyeishi katika nyumba ile mwaka ule isipokuwa mimi. Bi Nuru, mke wa mjomba, alitangulia zamani. Mume wangu Sufiani, ambaye naye anahusika, amebaki Nosy Be na magoti yake mabovu, hawezi tena safari ya meli. Nikaona kama nisipoandika mimi, basi damba wale watabaki kichekesho cha matanga.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya sabini. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimetoka Andoany, kisiwani Nosy Be, kuja kumalizia mwaka wa mwisho wa shule ya sekondari Mahajanga, na nilikaa kwa mjomba, kaka yake mama, ambaye watoto wake walikuwa wamekwisha kuhama. Mtaa wetu ulikuwa na milango mingi iliyofungwa kwa kufuli zenye kutu, nyumba za majirani Wangazija walioondoka kwa meli na kwa ndege baada ya zile siku mbaya walipovamiwa na kuuawa, ambazo sitazisimulia hapa kwa sababu wapo walioumia kunizidi. Nyumbani tulisema Kimalagasi cha pwani yetu. Kifaransa kilikuwa cha shuleni na cha kugombana na makarani. Kiswahili kilikuwa kimebaki maneno machache tu, ya dua, ya biashara, ya bahari. Hiki ninachoandikia nilikijulia ukubwani, Mombasa, tulikoishi na Sufiani miaka mingi, na mpaka leo kuna mashoga zangu wa kule wanaosema nakiongea kama mtu aliyeazima viatu. Kwa hiyo maneno ya watu nitakayoyaandika, msomaji ajue nimeyatoa lugha moja kuyatia nyingine. Neno moja tu nitaliacha kama lilivyo, zama, kwa sababu ndivyo tunavyomwita mjomba kwetu, na sikuwahi kumwita vingine.

Sebule ya Zama Bakari ilikuwa na viti vinne vya mbao, saa ya ukutani isiyokwenda, na tangi la kioo lenye urefu wa kitanda. Fremu yake ilikuwa ya chuma, vioo vinene vimegandishwa kwa puti ya madirisha, na upande mmoja puti hiyo ilikuwa ikivuja tone moja moja juu ya kitambaa ambacho Bi Nuru alikibadilisha kila asubuhi huku akisonya. Mjomba alikuwa mpishi. Alimpikia mwalimu mmoja wa Kifaransa kwa miaka, mpaka Wafaransa walipoanza kufunga mizigo, na yule mwalimu, badala ya kumwachia baiskeli kama wenzake walivyowaachia wapishi wao, akamwachia tangi la samaki. Bi Nuru alikuwa hajamsamehe. "Wenzako wanapanda baiskeli kwenda sokoni," alimwambia, "wewe panda kioo." Visamaki vya kigeni vya mwalimu vilikufa mwezi wa kwanza, na Bi Nuru akaanza kuhifadhi mablanketi ndani ya tangi. Halafu siku moja mjomba akanunua damba wachanga saba kwa mama mmoja aliyekuwa akileta samaki hai ndani ya ndoo kutoka ziwani, huko bara kupita Belobaka. Walikuwa wa ukubwa wa kiganja na ilikuwa Jumanne. Alikusudia wapikwe Ijumaa, kwa hiyo akatoa mablanketi, akajaza maji, akawatia humo wasiharibike. Ijumaa ilipofika Bi Nuru alikuna nazi, akasubiri, akaenda sebuleni akamkuta mumewe amekaa kitini mbele ya tangi, mikono magotini, anatazama. Siku hiyo walikula wali wa nazi na chumvi.

Hayo yalitokea miaka mitatu kabla sijafika. Nilipofika, damba walikuwa wamekuwa watu wazima. Mtu asiyewajua nimweleze: ni samaki bapa, mwenye mgongo uliopanda juu, midomo minene, rangi ya shaba iliyofifia, na mkia wenye wekundu ambao ukipigwa na jua la asubuhi unaweza kukusahaulisha kwamba umechelewa shule. Hakuna aliyekwenda peke yake. Mmoja akigeuka wote wanageuka, na hao ni samaki wakubwa, si dagaa. Walipogeuka wote kwa pamoja maji yalipiga kioo na saa mbovu ukutani ikatikisika. Walikula konokono. Mjomba alitupa konokono wadogo wa mtaroni, damba wakashuka, wakawaokota mchangani, na kutoka jikoni ulisikia magamba yakivunjika ndani ya koo zao, kru, kru, kru. Mimi nilisomea mtihani wangu katika sauti hiyo. Mpaka leo nikisikia mtu anatafuna barafu, naukumbuka mlango wa sebule ile na harufu yake ya maji ya ziwa na mafuta ya taa.

Kazi ya konokono ilikuwa yangu. Kila Jumapili nilikwenda na kikapu kwenye mashamba ya mpunga pembezoni mwa mji, nimejifunga kanga mpaka magotini, na nilirudi nikipita njia za nyuma kwa sababu sikutaka wenzangu wa shule wanione. Maji nayo hayakuwa mchezo. Ya mfereji yalikuwa na dawa, ilibidi yakae siku mbili kwenye mitungi mipana uani ndipo yatiwe tangini, na yaliyotolewa yalimwagiwa mchicha wa Bi Nuru, ambao ulistawi mpaka majirani wakauonea wivu. Bi Nuru hakukiri kamwe kwamba ni kazi ya samaki. Mchele wa ruzuku ulipatikana kwa foleni, kwa kikombe, na siku nyingine tulikula muhogo asubuhi na muhogo jioni, mbele ya samaki saba walionona. Majirani walipopita dirishani waliuliza, "Kitoweo chenu kimeamkaje leo?" Mjomba aliwajibu kwa adabu kabisa, "Kimeamka salama, kinawasalimu."

Jambo moja alinifundisha mapema, na nalisema hapa kwa sababu yote yaliyofuata yalitegemea hilo. Mmoja wao, mwenye pezi lililochanika, aliwahi kujikwaruza kwenye fremu akapata kidonda. Mjomba akamtoa, akamtia kwenye beseni lenye maji ya chumvi kidogo, akamfunika kwa ungo. Samaki yule akageuka mweusi. Hakugusa konokono siku nne, akalala ubavu ubavu pembeni mwa beseni kana kwamba maji yamemchosha. Wale sita nao walijibanza kona moja ya tangi, hawali. Siku ya tano mjomba alimrudisha pamoja na kidonda chake, na kabla sijamaliza kukausha beseni nikasikia kru, kru. "Umeona?" mjomba akaniambia. "Huwezi kutoa mmoja ukasema umebaki na sita. Ukitoa mmoja umetoa wote." Nikaona ni maneno ya mpishi aliyezeeka na kulainika. Nilikuwa mjuaji sana mwaka ule.

Sufiani alikuja kwa sababu ya pampu. Kulikuwa na pampu ndogo ya umeme iliyosukuma hewa ndani ya maji kwa mpira mwembamba, na siku moja mchana ikanyamaza. Samaki wakapanda juu, midomo nje, wanahema. Mjomba akachukua jagi, akawa anachota maji na kuyamimina kutoka juu, anachota na kumimina, na akaniambia nikimbie ghala la barafu la bandarini nikamwite fundi yeyote. Fundi yeyote akawa kijana mwembamba kutoka Andoany, mtu wa kwetu, ambaye jina lake nililijua lakini sura sikuwahi kuitazama. Alifungua pampu juu ya meza, akaona kwamba ngozi yake ya ndani imepasuka, akakata duara la mpira kutoka kwenye tyubu ya baiskeli, akalitia badala yake. Kazi ya nusu saa. Muda wote huo mjomba alikuwa amechoka mkono na mimi ndiye niliyekuwa na jagi. Sufiani alipomaliza hakuwasha pampu mara moja. Alisimama upande wa pili wa tangi, akaokota kikombe, akaanza kumimina naye. Tulimimina hivyo, kila mtu upande wake, na kati yetu damba saba wakishuka taratibu, wakipata pumzi. "Wanaitwa nani?" akaniuliza. Nikasema hawana majina. Akasema, "Wewe je?" Bi Nuru, aliyekuwa anapita na kuni, akakohoa kikohozi kisicho na kifua.

Baada ya hapo alirudi kuitazama pampu. Akarudi tena. Mara ya tatu mjomba alimfungulia mlango, akamkaribisha kahawa, akaniambia kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, "Pampu hii sasa ni nzima kuliko mimi, nashangaa kwa nini bado ni mgonjwa." Sufiani akaangalia viatu vyake. Lakini alikaa, na mjomba akampenda, nadhani kwa sababu alikuwa kijana pekee aliyeweza kukaa kimya mbele ya tangi robo saa nzima bila kuuliza bei ya samaki. Mimi nilikaa nyuma ya pazia na kitabu cha fizikia nilichokishika juu chini. Nilimpenda. Naliandika leo bila kuona haya, mwanamke mwenye wajukuu, lakini wakati ule ningeulizwa ningesema afadhali nife.

Na niliulizwa. Watu wa Sufiani walipoleta habari kwamba wangependa kuja kuposa, baba yangu aliandika barua kutoka Andoany kwamba jibu la kwanza ni la mjomba, ndiyo desturi yetu, na yeye atakuja kusimama siku ya nikaha. Mjomba akaniita. Alikuwa anasugua kioo cha tangi kwa gazeti lililolowa. "Zakia, unamtaka kijana huyu?" Nikasema, "Mtakavyo nyinyi, zama." Akasugua. "Sikuuliza tutakavyo sisi." Nikanyamaza. Kwa kadhi, msichana akiulizwa akanyamaza, imetosha, amekubali. Hata Bi Nuru alimwambia hivyo mumewe usiku wa siku ile, nikiwasikia kupitia ukuta wa mbao. "Mwache mtoto, kanyamaza, kakubali." Mjomba akasema, "Binti wa dada yangu mwingine naye alinyamaza. Tulimpa mtu, na mpaka leo hacheki." Kwa miezi mitatu akaniuliza kila alipopata nafasi, mara kwa mzaha, mara kwa hasira, na kila mara nikamjibu kwa maneno yale yale. Nilidhani naonyesha adabu. Kumbe nilikuwa namtesa.

Ukoo wa Sufiani una mila moja ambayo kwetu ilijulikana. Wakija kuposa hawasubiri jibu la mdomo. Chakula ndicho jibu. Ukiwapa chai na mkate wanashukuru, wanaondoka, na hakuna aliyekataliwa wala aliyeaibika. Ukiwapikia kitoweo, umetoa mtoto. Kwa hiyo Bi Nuru alikuwa ameagiza mbuzi kwa jamaa yake wa Amborovy, aletwe Ijumaa jioni, kwa sababu wageni walitarajiwa Jumamosi. Meli ikawahi. Alhamisi kabla ya adhuhuri mlango ukagongwa, na kizingitini walikuwa wamesimama wazee wawili wa kiume na wanawake watatu, mavumbi ya bandari miguuni, wakiongozwa na shangazi yake Sufiani, Bi Eshata, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamrisha na miwani iliyofungwa kwa uzi. Jikoni kulikuwa na muhogo, vikombe viwili vya mchele, nazi tatu, ndimu. Mbuzi yuko Amborovy, hai, na hapakuwa na gari la kumfuata.

Nilikimbizwa nyuma ya pazia kama inavyopasa, lakini pazia lile lilikuwa jepesi na mimi nina masikio. Wageni wakakaa. Salamu zikaenda mbali, mpaka kwa wagonjwa na marehemu. Kisha nikasikia viti vikikwaruza na Bi Eshata akasema, "Subhanallah! Hebu tazameni!" Alikuwa amesimama mbele ya tangi. "Damba! Damba hai! Kule kwetu kisiwani tunawasikia tu kwa jina. Mmetuwekea mpaka wanene hivi! Bakari, nimeposa nyumba nyingi, na kila mahali siku hizi watu wanalia njaa, lakini heshima kama hii sijafanyiwa." Wazee wakaitikia. Mmoja wao aliuliza ni yupi atakayekuwa wake, wakacheka vizuri, cheko la watu waliotoka safari na kuona wamefika. Hawakuwa na ubaya wowote. Nani hapa duniani anaweka samaki watamu kuliko wote wa mkoa ndani ya sebule, wakati wa shida, kama si kwa ajili ya wageni?

Bi Nuru alikuja uani mbio. Alikuwa mwanamke aliyewatukana samaki wale miaka mitatu na zaidi mfululizo, na nilimsikia akimnong'oneza mumewe, "Nina kuku wawili pale, wanaotaga. Nachinja kuku wangu sasa hivi, Bakari, wewe nenda kawaambie hao si wa kuliwa." Mjomba akasema, "Ngoja." Halafu akaja kwangu. Alisimama penye pazia na wavu mkono mmoja na ndoo mkono wa pili. Hakuingia. "Zakia." "Labeka, zama." "Watu wanasubiri chakula." Nikasema, "Ndiyo." Akabaki pale. Nilikuwa nimekaa chini, naona miguu yake tu, vidole vyake vya mpishi vyenye makovu ya mafuta, na ndoo ikiguswa guswa na goti lake. Nilijua kinachoendelea. Sitaki mtu anitetee kwa kusema nilikuwa mdogo. Nilijua kwamba nikisema neno moja, zama, usiwaguse, asingewagusa. Nilijua pia kwamba Bi Eshata anangoja, na kuku akiletwa mezani huku damba wanaogelea mbele ya macho yake, ataona tumemtoa mtoto kwa mkono mmoja na kumzuia kwa mwingine, na huenda asirudi. Nilimtaka Sufiani. Nikainamisha kichwa, nikatazama ukindu wa mkeka. Miguu ikageuka ikaondoka, na punde nikasikia maji yakipiga kioo.

Alipika mwenyewe. Hakumruhusu Bi Nuru hata kukuna nazi. Aliwapaa magamba nje, amewapa mgongo watu wote, akawakata mishazari mitatu kila ubavu, akawasugua chumvi, ndimu na manjano, akawakaanga kidogo tu ngozi ishike, kisha akawalaza kwenye tui zito na tangawizi na nyanya chungu za uani, moto wa makaa mawili, bila kugeuza, akiitikisa sufuria kwa vishikio vyake. Harufu ile ilikuwa nzuri. Hilo ndilo baya zaidi, kwamba ilikuwa nzuri, na mimi nilikuwa na njaa. Alipakua sita, wageni watano na yeye wa sita, akaketi nao mkekani akala, akanyonya kichwa cha samaki wake mpaka mifupa ikawa myeupe, kama mwenyeji anavyotakiwa. Bi Eshata akasema hajawahi kuonja mkono kama ule. Fatiha ikasomwa. Nilisikia jina langu na jina la Sufiani yakitajwa pamoja kwa mara ya kwanza mbele ya watu, nikafurahi na nikalia, vyote kwa wakati mmoja, na Bi Nuru aliyekuja kunikumbatia hakuuliza ninalia kwa lipi.

Wa saba alikuwa yule mwenye pezi lililochanika. Hakupikwa. Sijui kama mjomba alimwacha kwa kusudi au mkono ulimwisha nguvu. Wageni walipoondoka, Bi Nuru akatandaza kanga juu ya tangi bila mtu kumwambia, na kwa siku mbili mjomba alipita sebuleni akitazama upande wa pili. Mimi nilifunua. Samaki alikuwa amegeuka mweusi, ameegemea kona, na tangi ambalo siku zote lilionekana dogo sasa lilikuwa kubwa mno. Nilimtupia konokono. Walitembea juu ya kioo, wakapanda, wakatoka nje. Siku ya nne nilimfuata mjomba uani, nikamwambia, "Zama, tumrudishe kwao." Alikuwa anachambua mchele. Nilidhani atasema ni ujinga, kusafiri siku nzima kwa samaki mmoja wa sokoni. Akaweka ungo chini, akaenda kuulizia gari.

Tulipanda lori lililokuwa linafuata mpunga. Dereva alituweka mbele, ndoo katikati ya miguu yangu, imefungwa kitambaa kilicholowa, na mjomba alikuwa ameazima pampu ya baiskeli na kuiunganisha na ule mpira mwembamba wa tangi. Kila baada ya muda alipiga hewa majini, fyu, fyu, na dereva akawa anatutazama kwa pembe ya jicho. Belobaka ikapita, nyumba zikaisha, ardhi ikawa nyekundu. Tuliposhuka penye njia ya ziwani, yule mama muuza samaki, ambaye mjomba alimtumia salamu, alitupokea na kutuonyesha mahali penye matete ambapo damba huja kuokota konokono asubuhi. Alipoambiwa tumemleta samaki alicheka, kisha alipouona uso wa mjomba akaacha kucheka, akatuachia nafasi, akaenda kukaa kwenye mtumbwi wake mbali kidogo.

Mimi ndiye niliyeingia majini. Niliinamisha ndoo, samaki akatoka, akasimama kwenye kivuli cha miguu yangu kama aliyesahau kazi yake. Tukasubiri. Kisha mkia wake ukapiga mara moja, na wekundu ule ukaingia matete, na sikumwona tena. Sitadanganya kwamba niliwaona wenzake wakimpokea. Maji yalikuwa na tope.

Nikiwa bado nimesimama pale nikasema, "Zama, siku ile ulisimama mlangoni."

"Nilisimama."

"Ningesema neno, usingewatoa."

"Nisingewatoa. Ningewapa chai, wakaenda zao."

Nikamwomba msamaha. Sikuweza kumtazama, nilikuwa natazama ndoo. Mjomba akawa anaukunja ule mpira kwenye kiganja, duara juu ya duara. "Nilikukasirikia siku mbili," akasema. "Siwezi kukuficha. Kisha nikajiuliza, hasira ya nini, na wewe ulinijibu? Miezi mitatu nakuuliza unaniambia mtakavyo nyinyi, sijui ni haya au ni woga. Siku ile nikasema moyoni, mtoto huyu anawapenda samaki hawa. Akinizuia, hamtaki kijana, na mimi nitawafukuza wageni kwa furaha. Nilisimama pale naomba unizuie, Zakia. Wallahi nilikuwa naomba. Ukainamisha kichwa. Ndipo nikajua."

Nilifungua mdomo, na kwa mazoea tu maneno yaliyokuja ulimini yalikuwa yale yale ya miezi mitatu. Nikayameza. Nikasema, kwa sauti ambayo yule mama aliisikia mpaka mtumbwini na kugeuka, "Nampenda, zama. Namtaka."

Mjomba akanitazama, macho yamejaa maji, akanipa mkono nitoke kwenye tope.

"Mwanangu," akasema, "ungesema hivyo Alhamisi, ningewapikia kuku."